Vimeng'enya Vinavyoikinga Ngano Wakati wa Joto Kali

Katika mada ya vimeng'enya ulijifunza kwamba kimeng'enya ni protini, na kwamba joto likizidi kiwango fulani umbo lake huharibika na kazi yake husimama. Sasa, katika mada ya mimea na mazingira, unaambiwa kwamba ngano, mahindi na mpunga hustahimili joto kali kwa msaada wa vimeng'enya. Mtahiniwa makini lazima ajiulize: inawezekanaje kitu kinachoharibiwa na joto kiwe ndicho kinachoukinga mmea wakati wa joto?

Swali hili linaweza kuja kwa sura nyingi, na wengi hulijibu kwa sentensi moja isiyostahili alama hata moja: “Vimeng'enya hupunguza joto la mmea.” Havipunguzi. Kinachopoza jani ni maji yanayotoka kama mvuke kupitia stomata. Vimeng'enya tunavyovisoma hapa vina kazi nyingine kabisa, nayo ni kuondoa sumu ambayo jani lenyewe huitengeneza joto linapozidi. Ukiishika sentensi hiyo moja, sehemu iliyobaki ya somo itakuwa ni kuieleza tu.

Tutatumia ngano kama mfano mkuu. Ngano hupenda ubaridi, ndiyo maana Tanzania hulimwa katika maeneo ya juu kama Hanang', na Kenya hulimwa Narok na Uasin Gishu, wala huioni ikilimwa kwenye mwambao. Mmea wa namna hii huonyesha madhara ya joto mapema na waziwazi, kwa hiyo ni mfano mzuri wa kujifunzia.

Joto huanzia wapi kuumiza?

Kipindi hatari zaidi kwa ngano ni kuanzia inapokaribia kuchanua hadi punje zinapojaa. Katika kipindi hicho ngano hufanya vizuri joto likiwa takriban nyuzi 20 za Selsiasi. Siku chache tu za zaidi ya nyuzi 30 zinatosha kupunguza idadi ya punje au uzito wake. Joto likija mapema, chavua hudhoofika na maua mengine hayatungi punje. Likija baadaye, punje hutungwa lakini husinyaa, kwa sababu majani huzeeka na kukauka kabla ya kumaliza kuzijaza wanga.

Ndani ya jani, tatizo huanzia kwenye kloroplasti. Kumbuka kwamba usanisinuru una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza klorofili hupokea nishati ya mwanga, maji hugawanywa, oksijeni hutolewa, na elektroni husafirishwa kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Katika hatua ya pili elektroni hizo, pamoja na nishati iliyopatikana, hutumika kugeuza kaboni dayoksaidi kuwa sukari.

Hatua ya pili hutegemea kimeng'enya kiitwacho rubisko. Rubisko chenyewe ni imara dhidi ya joto, lakini hakifanyi kazi bila msaidizi wake, rubisko aktivesi, na msaidizi huyo ni dhaifu sana. Katika ngano huanza kushindwa kazi kwenye joto ambalo vimeng'enya vingine vingi bado vinalimudu. Hapo hatua ya pili hupungua kasi. Zaidi ya hayo, jani likikosa maji hufunga stomata, na kaboni dayoksaidi inayoingia hupungua.

Lakini jua halipungui. Mwanga unaendelea kuipiga klorofili na elektroni zinaendelea kusukumwa. Fikiria mafundi waliojipanga mstari wakipokezana matofali. Fundi wa mwisho akichoka na kuacha kupokea, huku wa kwanza akiendelea kurusha, matofali yatarundikana na mengine yataangukia miguu ya watu. Ndani ya kloroplasti “matofali” ni elektroni, na “miguu” ya kuangukia ni ya oksijeni, ambayo imejaa tele pale kwa sababu ndipo inapotengenezwa.

Elektroni huvuja pia katika mitokondria wakati wa upumuaji wa seli. Kuna na njia ya tatu: joto linapopanda, rubisko huongeza tabia ya kukamata oksijeni badala ya kaboni dayoksaidi, na mabaki ya kosa hilo yanaposafishwa katika vyumba vidogo vya seli viitwavyo peroksisomu, haidrojeni peroksaidi hutengenezwa kwa wingi. Mahindi na mtama wana mpangilio wa majani unaoikusanyia rubisko kaboni dayoksaidi, hivyo njia hii ya tatu kwao ni ndogo. Hiyo ni sababu mojawapo, ingawa si pekee, ya mtama kuvumilia jua ambalo ngano hailiwezi.

Oksijeni inapogeuka adui

Oksijeni ya kawaida ni tulivu kiasi. Ikipokea elektroni moja ya ziada hugeuka kuwa supaoksaidi, O₂⁻. Supaoksaidi ikipokea elektroni nyingine pamoja na haidrojeni huwa haidrojeni peroksaidi, H₂O₂, ile ile inayouzwa duka la dawa kwa kusafishia vidonda. Haidrojeni peroksaidi ikikutana na ayoni ya chuma iliyo huru hutoa radikali ya haidroksili, OH•, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Kwa pamoja huitwa oksijeni tendaji.

Zingatia jambo moja ambalo watahiniwa wengi hulipita. Mmea hauna kimeng'enya hata kimoja cha kuondoa radikali ya haidroksili. Radikali hiyo hushambulia molekuli ya kwanza inayokutana nayo, kabla kimeng'enya chochote hakijaweza kuifikia. Njia pekee ya kujikinga nayo ni kuizuia isizaliwe, yaani kuondoa supaoksaidi na haidrojeni peroksaidi mapema. Ukiulizwa kwa nini vimeng'enya hivi ni muhimu kiasi hicho, hoja hii ndiyo yenye uzito.

Madhara ya oksijeni tendaji huonekana kwanza kwenye utando wa seli. Lipidi za utando zikishambuliwa, moja huiambukiza jirani yake na mfululizo huendelea. Utando hutoboka, na ayoni kama za potasiamu huvuja nje. Lipidi zilizoharibika huacha mabaki yaitwayo malondialdehaidi, kwa kifupi MDA, nayo hupimika maabara. Kwa hiyo MDA ikiwa nyingi, uharibifu wa utando ni mkubwa. Protini na DNA nazo huumizwa, na klorofili hupungua. Ndipo unapoona jani linageuka manjano kabla ya wakati wake.

Hata hivyo, usiandike kwamba oksijeni tendaji ni sumu tupu. Kwa kiasi kidogo haidrojeni peroksaidi ni taarifa: huiambia seli kwamba hali imebadilika, na seli huamsha jeni za kujikinga. Lengo la mmea ni kuidhibiti. Kuimaliza yote kungeunyima mmea taarifa hiyo.

Vimeng'enya vyenyewe

Cha kwanza ni supaoksaidi dismutesi, ambacho vitabu vyote hukifupisha SOD. Historia yake inapendeza. Protini hiyo ilikuwa imetolewa kwenye damu ya ng'ombe miaka mingi kabla, ikajulikana kuwa ina shaba, na wengi wakadhani kazi yake ni kuhifadhi shaba tu. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich, wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, walionyesha kwamba kumbe ni kimeng'enya, na kwamba kazi yake ni kuondoa supaoksaidi:

2O₂⁻ + 2H⁺ → H₂O₂ + O₂

SOD hupatikana karibu katika viumbe vyote vinavyotumia oksijeni. Katika ngano kuna aina kadhaa: iliyo na shaba na zinki hukaa katika kloroplasti na saitoplazimu, iliyo na manganizi hukaa katika mitokondria, na iliyo na chuma hukaa katika kloroplasti. Hapa pana kiungo na mada ya virutubisho. Ngano iliyooteshwa kwenye udongo wenye upungufu wa zinki hukosa SOD ya kutosha, na huumia zaidi mwanga mkali ukiungana na joto. Swali likikuuliza “eleza umuhimu wa zinki kwa mmea”, hii ni hoja ambayo wenzako wengi hawataiandika.

Sasa tazama tena mlinganyo hapo juu, upande wa kulia. SOD imeondoa sumu moja lakini imetengeneza nyingine, H₂O₂. Kazi bado haijaisha. Mmea wenye SOD nyingi bila wa kuipokea ni sawa na kaya inayozoa taka ndani ya nyumba na kuzirundika mlangoni.

Wapokeaji ni wawili. Wa kwanza ni katalesi, ambacho hukaa zaidi katika peroksisomu:

2H₂O₂ → 2H₂O + O₂

Katalesi ni miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kubwa kuliko vyote vinavyojulikana. Molekuli moja yake inaweza kugawa mamilioni ya molekuli za haidrojeni peroksaidi kwa sekunde moja. Hakihitaji msaidizi wala nishati. Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi vizuri sumu ikiwa nyingi. Ikiwa kidogo, nyingi ya molekuli hizo hupita bila kukamatwa.

Wa pili ni askobeti peroksidesi, APX, ambacho hukaa katika kloroplasti, saitoplazimu na kwingineko. Chenyewe hukamata haidrojeni peroksaidi hata ikiwa kidogo sana. Lakini hakifanyi kazi bure. Kinahitaji askobeti, ambayo ndiyo vitamini C, ili itoe elektroni za kugeuza haidrojeni peroksaidi kuwa maji. Askobeti iliyotumika lazima irudishwe katika hali yake ya kwanza, na kazi hiyo hufanywa kwa msaada wa kitu kingine kiitwacho glutathioni. Glutathioni nayo hurudishwa na kimeng'enya glutathioni ridaktesi, GR, kwa kutumia NADPH inayotoka katika usanisinuru. Mzunguko huu unaitwa mzunguko wa askobeti na glutathioni. Hulazimiki kukariri kila hatua yake. Shika mambo mawili: kwamba APX hutegemea askobeti, na kwamba mzunguko mzima hugharimu nishati ya mmea.

Kwa hiyo katalesi na APX havishindani. Kimoja hushughulikia mafuriko, kingine hukausha matone yaliyobaki. Ni kwa sababu hii mmea hauokolewi na kimeng'enya kimoja kikiwa juu peke yake. Watafiti wa Korea Kusini waliwahi kuingiza katika viazi mviringo jeni za SOD na APX kwa pamoja, zote zikielekezwa kwenye kloroplasti, na mimea hiyo ilistahimili joto la nyuzi 42 vizuri kuliko viazi vya kawaida. Viazi si nafaka, lakini kanuni ni ile ile.

Je, vimeng'enya hivi haviharibiwi na joto?

Turudi kwenye swali la mwanzo. Jibu zuri lina sehemu kadhaa.

Kwanza, hakuna joto moja linaloharibu vimeng'enya vyote. Watahiniwa wengi wamezoea nyuzi 37 kama kiwango bora na zaidi ya 40 kama uharibifu. Takwimu hizo ni za vimeng'enya vya mwili wa binadamu. Kila kimeng'enya kina umbo lake na kiwango chake. Rubisko aktivesi hushindwa mapema, ilhali SOD yenye shaba na zinki ni moja ya protini sugu sana kwa joto. Jani la ngano lenye nyuzi 36 tayari lina usanisinuru uliovurugika, lakini SOD yake bado iko kazini. Tofauti hiyo ndiyo inayouokoa mmea.

Pili, mmea hautegemei akiba ya jana. Joto linapopanda polepole, jeni za vimeng'enya hivi huamshwa na vimeng'enya vipya hutengenezwa. Ndiyo maana mche uliozoeshwa joto la wastani kwanza huweza kuvumilia joto kali linalofuata, wakati mche uliotolewa kwenye ubaridi na kuingizwa ghafla kwenye joto lile lile hufa. Hali hii huitwa kuzoea, nayo ni tofauti na ustahimilivu wa kurithi. Usizichanganye: kuzoea hutokea katika maisha ya mmea mmoja, ustahimilivu wa kurithi hutoka kwenye jeni na hupita kwa mbegu.

Tatu, wakati wa joto seli hutengeneza protini maalumu zinazoshika protini nyingine zisipoteze umbo, au kuzisaidia zirudi katika umbo lake. Vimeng'enya vyetu hunufaika nazo.

Na ya nne ni mpaka wa yote hayo. Katalesi ya majani huharibiwa na mwanga kila siku, na mmea huijenga upya kila siku. Katika majani ya shayiri nyeusi, ndugu wa karibu wa ngano, imeonekana kwamba joto linapozuia ujenzi wa protini mpya, katalesi iliyoharibika hairudishwi na kiwango chake hushuka. APX ya kloroplasti nayo hupoteza nguvu haraka askobeti ikiisha. Kwa maneno mengine, vimeng'enya hivi huusogeza mbele mpaka wa joto ambalo mmea unalimudu. Hata hivyo mpaka wenyewe upo, na joto likiupita mmea hufa kama mwingine wowote.

Kisa cha kutumia: India, 2022

Maswali ya kutoa mifano hutaka mahali na mwaka. Hiki hapa kimoja unachoweza kukitumia.

Kaskazini mwa India ngano hupandwa mwezi Novemba na kuvunwa Aprili, ili ikue katika miezi ya baridi. Wakulima wengi huvuna kwanza mpunga kwenye shamba hilo hilo. Mpunga ukichelewa, ngano nayo hupandwa Desemba, na ujazaji wa punje husogea hadi Machi na Aprili, miezi ambayo joto linapanda. Mwaka 2022 mwezi Machi ulikuwa na joto kuliko Machi yoyote nchini humo tangu kumbukumbu zilipoanza mwaka 1901. Ngano ilikuwa ikijaza punje. Punje zilisinyaa, serikali ikashusha makadirio ya mavuno kwa tani milioni kadhaa, na tarehe 13 Mei ikazuia ngano kuuzwa nje, wakati vita vya Ukraine vilikuwa tayari vimepandisha bei duniani. Kenya na Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano zinayoitumia, kwa hiyo bei ya unga wa chapati hutegemea pia hali ya hewa ya mashamba ya mbali.

Desturi ya kuchelewa kupanda imewapa watafiti wa India njia rahisi ya kupima ustahimilivu. Hupanda aina zile zile za ngano kwa tarehe mbili, moja ya kawaida na nyingine ya kuchelewa kwa makusudi. Zilizochelewa hukutana na joto wakati wa kujaza punje, bila kuhitaji tanuru wala chumba maalumu. Halafu majani hupimwa SOD, katalesi, APX na MDA. Aina ya zamani iitwayo C 306 hutumika mara nyingi kama mfano wa ngano inayostahimili, na HD 2329 kama mfano wa inayodhurika. Kwa ujumla aina zinazostahimili huongeza vimeng'enya hivi zaidi chini ya joto, na utando wa seli zake huvuja kidogo.

Ukubwa wa tatizo? Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 na kundi la watafiti wa mataifa mengi yalionyesha kwamba kila nyuzi moja ya ongezeko la joto hupunguza mavuno ya ngano ya dunia kwa takriban asilimia 6. Kwa mahindi, uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 yaliyofanywa Afrika, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kila siku ambayo joto lilizidi nyuzi 30 kwa nyuzi moja ilipunguza mavuno kwa asilimia 1 palipokuwa na mvua ya kutosha, na asilimia 1.7 palipokuwa na ukame. Angalia tofauti hiyo ya mwisho: jani lenye maji hujipoza kwa mvuke, lenye kiu haliwezi.

Kusoma matokeo bila kudanganyika

Mtahini akikupa jedwali la aina mbili za ngano, A na B, usikimbilie kuandika “yenye SOD nyingi ndiyo inayostahimili”. SOD hupanda pia katika mmea unaoumia vibaya, kwa sababu sumu ni nyingi. Ni kama nyumba yenye ndoo nyingi za maji: huenda wamejiandaa, huenda moto tayari umewaka.

Tazama vimeng'enya na MDA kwa pamoja. Vimeng'enya vikipanda na MDA ikabaki chini, ulinzi unatosha. Vikipanda na MDA nayo ikapanda sana, ulinzi umezidiwa. SOD ikipanda huku katalesi na APX zikishuka, tarajia haidrojeni peroksaidi kurundikana. Na mwisho wa yote tazama uzito wa punje, kwa kuwa hicho ndicho mkulima anachokipeleka sokoni.

Jaribio

Utahitaji miche ya ngano au mahindi yenye umri wa siku 7 hadi 10, kinu na mchi, maji, neli za majaribio, rula, na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Usiishike kwa mikono mitupu, na kinga macho.

Twanga majani kwa maji kidogo, chuja, kisha gawa maji hayo katika neli tatu kwa kiasi sawa. Ya kwanza iache kwenye joto la chumba. Ya pili iweke kwenye maji ya nyuzi 45 kwa dakika 10. Ya tatu ichemshe kwa dakika 5 na uiache ipoe. Ongeza haidrojeni peroksaidi kwa kiasi sawa katika kila neli, na pima kimo cha povu baada ya dakika moja. Povu ni oksijeni. Kijiti chenye kaa la moto kikiingizwa juu yake huwaka tena. Neli iliyochemshwa haitatoa povu la maana, kwa kuwa katalesi imeharibika umbo.

Tahadhari: jaribio hili linapima kimeng'enya kilichotolewa nje ya mmea. Halikuambii kama mche unastahimili joto. Ukitaka kupima ustahimilivu, lazima uweke miche mizima hai kwenye joto, kisha ndipo utwange. Jaribio lenye miche hai linaweza hata kuonyesha povu zaidi kwa miche iliyozoeshwa joto la wastani, jambo ambalo neli za majani yaliyotwangwa haliwezi kulionyesha kamwe. Swali la “taja udhaifu wa jaribio hili” hujibiwa kwa hoja hiyo.

Swali la mfano

“Eleza jinsi joto kali linavyosababisha madhara katika seli za jani la ngano, na jinsi vimeng'enya vinavyopunguza madhara hayo. (Alama 10)”

Jibu la kukuongoza: Joto kali hudhoofisha rubisko aktivesi, na hatua ya pili ya usanisinuru hupungua kasi (1). Mwanga huendelea kusukuma elektroni, ambazo hukosa mpokeaji na kwenda kwenye oksijeni (1). Oksijeni hugeuka kuwa supaoksaidi (1), kisha haidrojeni peroksaidi, na mbele ya ayoni za chuma, radikali ya haidroksili (1). Hizi huharibu lipidi za utando, ayoni huvuja na MDA huongezeka (1). Protini na klorofili pia huharibika, hivyo jani huzeeka mapema na punje husinyaa (1). SOD hugeuza supaoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi na oksijeni (1). Katalesi hugawa haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni (1). APX huigeuza kuwa maji kwa kutumia askobeti, ambayo hurudishwa kwa msaada wa glutathioni na GR (1). Kwa kuwa hakuna kimeng'enya cha kuondoa radikali ya haidroksili, kuondoa vitangulizi vyake mapema ndiko kunakoilinda seli (1).

Alama ya mwisho ndiyo inayopotea zaidi. Alama ya tisa hupotea kwa wanaoandika “vitamini C huua sumu” bila kutaja kimeng'enya.

Maswali ya kujipima

1. Mwanafunzi ameandika: “Vimeng'enya vyote vya ngano huharibika joto likizidi nyuzi 40, kwa hiyo haviwezi kuisaidia wakati wa joto.” Toa hoja tatu za kumpinga.

2. Kwa nini mmea wenye SOD nyingi sana lakini katalesi na APX kidogo unaweza kudhurika kuliko mmea wa kawaida? Tumia mlinganyo.

3. Mkulima mmoja alipanda ngano Novemba na jirani yake akapanda mbegu ile ile mwishoni mwa Desemba, katika eneo ambalo joto hupanda mwezi Machi. Tabiri tofauti ya punje zao, na eleza kinachotokea ndani ya majani ya ngano ya jirani.

4. Vipande vya majani ya ngano aina A na B viliwekwa kwenye joto, kisha vikalowekwa katika maji yaliyotoneshwa. Maji yenye vipande vya B yalipitisha umeme zaidi. Ni aina ipi imeumia, na umejuaje?

5. Eleza kwa nini ngano iliyokosa zinki na maji kwa wakati mmoja huwa katika hatari kubwa zaidi siku ya joto kali kuliko iliyokosa kimoja tu.